"Nakuja", Huku Anaondoka

Maswali ya mwezi huu yametoka Arusha na Moshi. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

SWALI: Mimi ni Mkenya kutoka Nakuru, huu ni mwaka wa pili nafanya kazi Arusha. Kiswahili nimekisoma tangu shule ya msingi na mtihani nilifaulu vizuri. Lakini ofisini wananiambia nina amri, na wiki iliyopita mhudumu wa kantini alininunia baada ya kumwambia tu "lete chai na chapati mbili". Nimekosea wapi?
– Msomaji, Njiro

JIBU: Sarufi yako haina tatizo. Tatizo ni kwamba unaingia bila kupiga hodi. Kwenye masikio ya Mtanzania "lete chai" ni sauti ya tajiri kwa mtumishi wake, hata kama umeitamka kwa upole na hela unayo mkononi. Ombi hapa hufunguliwa na "naomba", na neno hilo halina harufu ya kuombaomba. Bosi huomba ripoti, mteja huomba bili, na trafiki akikusimamisha barabarani naye atasema "naomba leseni".

Mpangilio ni huu: salamu, ngoja ijibiwe, samahani, kisha ombi. "Habari za asubuhi, dada?" "Nzuri, karibu." "Samahani, naomba chai na chapati mbili." Wageni wengi huruka hapo kwenye kungoja. Wanasalimu na kuagiza kwa pumzi moja, na salamu ya namna hiyo mtu huisikia kama honi ya gari: unamtaka akupishe. Kwenye ujumbe wa simu ni vilevile. "Tuma ripoti" inasomeka kama karipio. "Habari za leo, naomba unitumie ripoti kabla ya saa nane mchana" ni kazi ileile na mtu hanuni.

Konda wa daladala ndiye asiyehitaji haya. Ukianza "samahani kaka, naomba unishushe Kijenge", kituo kitakuwa kimeshapita. Pale ni "Shusha!", basi.

Shikamoo mpe aliye rika la wazazi wako au kaka na dada zako wakubwa waliokuzidi wazi, naye atajibu "marahaba". Kenya bara mmezoea kuishi bila salamu hii, kwa hiyo ukiiacha kwa mzee wa mapokezi hutambui kwamba tayari umeharibu. Ila usiimwage ovyo. Dada wa miaka 35 ukimpa shikamoo atakuuliza kama unamzeesha. Ukiwa na shaka, "habari za asubuhi" haijawahi kumkera mtu.

Kuna majibu matatu yanayowachanganya sana watu waliozoea kufikiri kwa Kiingereza kazini. La kwanza ni "bado". Ukiulizwa "umemaliza?" au "una watoto?", "hapana" kavu inasikika kama mlango uliobamizwa, "bado" inaacha upenyo, na hata mtu asiye na mpango wowote wa kuoa atajibu "bado". La pili ni "ndiyo" kwenye swali la kukanusha. Ukiuliza "hujatuma ile barua?" na mwenzako akajibu "ndiyo", maana yake umesema kweli, hajatuma. Dawa ni kuuliza bila kukanusha: "umetuma?" La tatu ni "nakuja". Mtu ananyanyuka kitini, anachukua funguo zake, anakwambia "nakuja" na kutoka nje. Hakudanganyi. Anakuaga kwa kukuahidi kurudi, na muda hajautaja kwa sababu hukumuuliza. Muulize "unarudi saa ngapi?" kabla hajafika mlangoni.

Maneno machache badilisha kabisa. Hapa ni "njoo", si "kuja hapa". Na ukimpelekea fundi cherehani habari za gauni la leso atakushangaa, kwa kuwa kwake leso ni ya kufutia jasho. Unayoitaka wewe ni khanga.

Kwa wenzake wanaosoma ukurasa huu: mtu aliyekulia Nakuru amekipata Kiswahili darasani, kikiwa katikati ya lugha ya mama, Kiingereza na Sheng. Ufupi wake ni mwendo wa kazi tu. Mkimnunia bila kumwambia kwa nini, atamaliza mwaka wa tatu akiagiza vilevile.

SWALI: Sisi ni Wachaga wa Kibosho, Wakatoliki. Binti yetu ameposwa na kijana wa Kimasai kutoka Monduli, Mlutheri. Wazee wao wanakuja mwezi ujao. Mume wangu anasema orodha ya mahari ni ya ukoo, haiguswi. Nifanye nini wageni wasione tunauza mtoto, na ukoo wetu usione tumelegea?
– Mama wa binti, Moshi

JIBU: Mama, kwanza tenganisha kabila na nyumba. Kabila litakupa kisio la kwanza tu. Wapo wazee wa Monduli wanaolala na Biblia kichwani na hawagusi pombe, na wapo wa jirani yao wasioanza maongezi bila asali. Kwa hiyo mtume mshenga na maswali manne: msemaji wao ni nani, wanakunywa nini, wasichokula ni nini, na nani kati yao hasikii Kiswahili. Hilo la mwisho husahauliwa mno. Bibi wa kijana anaweza kukaa kwenu saa tano mfululizo akitabasamu bila kuambulia neno, kisha akarudi kwao na kusema hakushirikishwa. Mkalishe jirani na mtu wa kumtafsiria, na mtafsiri aambiwe mapema asimame kila baada ya sentensi mbili tatu.

Mshenga awe mtu mzima anayeaminika na pande zote. Rafiki wa bwana harusi hafai. Likitokea neno gumu atalila njiani.

Sasa orodha. Mume wako yuko sahihi kwamba ni ya ukoo, lakini ukoo haukatazi kuieleza. Iandikeni kwa safu tatu: kitu chenyewe, kwa nini kinatolewa na anapewa nani, na kama lazima kije chenyewe au fedha inatosha. "Mbege madebe manne" haimsaidii mtu wa Monduli. Andika lita (debe ni kama lita 20), na taja kama mtaipika wenyewe huko Kibosho kwa fedha yao, maana ndizi mbivu na kimea cha ulezi hawatavipata kwao. "Mbuzi" peke yake nayo ni ugomvi unaosubiri siku. Kwa mfugaji, beberu, jike lililozaa na mtamba ni viumbe vitatu tofauti, na ukiandika "mbuzi" tu atachagua yeye.

Yeye naye atakuja na lugha ya ng'ombe, na hapo ndipo Wachaga wengi hujikwaa. Sisi huku mlimani tunapenda kufunga hesabu: kimetolewa hiki, kimebaki kile, lini mnamaliza. Kwa mfugaji mnyama aliyetolewa hufungua uhusiano. Wamasai waliopeana ng'ombe wanaweza kuacha kuitana majina na kuanza kuitana "pakiteng", jina linalotokana na ng'ombe huyo, na kubaki hivyo maisha yao yote. Mwenye mawazo hayo akiulizwa siku ya kwanza "mnamaliza lini?" anasikia kama mnauliza udugu unakatika lini. Tarehe zipangwe na washenga, pembeni, siku nyingine. Na maneno "bei", "punguzo" na "kuongeza dau" yasitamkwe sebuleni hata kwa utani.

Wageni wakifika, watoto wao watawaendea wazee wenu na kuinamisha vichwa. Waguseni utosini kwa kiganja. Mzee asiyejua atanyoosha mkono wa kusalimia, na mtoto atabaki ameinama pale, hajui aende wapi. Ni jambo la nusu dakika, lakini akina mama wa upande wa pili wataliona kabla ya kuona makochi. Mkiweza, jifunzeni salamu mbili: mwanamume husalimiwa "sopa" akajibu "epa", mwanamke husalimiwa "takwenya" akajibu "iko". Wao nao wakisema "aika", yaani asante kwa Kichaga, baada ya kula, mtasahau nusu ya orodha.

Chakula: mbuzi hana adui. Ndizi nyama na mtori vinapita. Samaki na kuku waacheni, wapo wazee wa kifugaji wasiovila. Kisusio, ile supu ya damu, kiulizwe, damu chakulani si ngeni kwa Mchaga wala kwa Mmasai, ila aliyeokoka wa upande wowote anaweza kukataa. Mbege isimiminwe kwa mtu kabla hajaulizwa. Wekeni na chai ya maziwa, mtindi na soda meza ileile, asiyekunywa asijione ametengwa na watoto.

Msemaji wao anaweza kusimama na fimbo yake na kuongea kwa muda mrefu, kisha wote wakanyamaza. Msiujaze ukimya huo. Mjomba wa Kichaga mwenye mdomo mwepesi hudhani wamekataa, akaanza kujipunguzia mwenyewe, na ukoo utamdai yeye baadaye.

Kinachoharibu posa nyingi ni kitu kipya kinachozuka siku yenyewe: shangazi kutoka Dar anakumbuka blanketi la babu lililosahaulika. Fungeni orodha siku saba kabla, washenga wote wawili watie sahihi, na atakayekumbuka kitu baada ya hapo akinunue mwenyewe.

Upande wa kanisa, mwoneni paroko mapema. Mkatoliki akifunga ndoa na Mlutheri huhitajika ruhusa ya askofu, na haipatikani siku ya mazoezi ya maharusi. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla. Sheria hiyohiyo inasema mahari isiyolipwa haibatilishi ndoa, jambo ambalo mume wako anaweza asipende kulisikia. Tena inaichukulia ndoa ya kimila kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na ya kanisani kuwa ya mke mmoja. Kwa hiyo waulizeni wazi maharusi: sherehe ya kimila ya boma ni baraka tu, au ndiyo ndoa yenyewe?

Pakitokea kosa na upande wenu mkataka kuomba radhi kwa jani la isale, mshenga awaeleze wenzenu kwanza. Mchaga akiletewa isale anajua hawezi tena kukaza shingo. Asiyejua ataona mmemletea jani.

SWALI: Ni dereva wa watalii. Nilimwambia mgeni kwa Kiingereza tunaondoka saa mbili, nikaitafsiri vilevile ilivyo. Saa mbili asubuhi sikumwona. Alitokea saa nane mchana na mabegi yake. Kampuni imenikata. Halafu kuna mgeni wa kupokea uwanja wa ndege wa KIA: nimeandikiwa "Jumanne saa nane usiku", nikaenda usiku wa pili. Nani mwenye kosa?
– Msomaji, Sakina

JIBU: Kosa la kwanza ni lako, la pili ni la aliyeandika.

Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, na jua la Arusha halihangaiki sana mwaka mzima. Ndiyo maana saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Ya kizungu huanza saa sita usiku kwa saa yetu. Tofauti ni saa sita kila wakati, hivyo mbili yetu ya asubuhi kwake ni nane. Mgeni kutoka Ethiopia atakuelewa haraka, kwao huhesabu kama sisi. Wengine wote fanya hivi: unapoongea Kiingereza, ongeza sita au toa sita kichwani kabla ya kufungua mdomo, kisha andika kwenye simu kwa tarakimu za saa 24, yaani 08:00, umwonyeshe, kisha ufunge saa na tukio, "mara tu baada ya chai". Mwisho mwombe yeye akwambie atashuka saa ngapi. Usimuulize kama ameelewa, maana kila mtalii ameelewa.

Angalia pia tiketi za basi. Ikiandikwa 12:00 bila neno "asubuhi", Mtanzania atafika alfajiri na mgeni atafika adhuhuri, basi likiwa limeshaondoka zamani.

Usiku ni mgumu zaidi. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku mpya huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Jumanne" kwa wengine ni ule unaotangulia Jumanne. Ndege inayotua 02:00 ya Jumanne iandikwe "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa nane". Ukipewa agizo bila neno "kuamkia", piga simu uulize.

La ziada, kwa kuwa uko kazi hiyo. Mgeni akijikwaa ukamwambia samahani kwa Kiingereza ukitafsiri "pole", anaweza kudhani umekiri kwamba jiwe uliliweka wewe. Mfundishe "pole" yenyewe siku ya kwanza. Na mwambie si ile "polepole" anayoisikia mlimani.

SWALI: Natoka Pangani. Hapa Moshi mtu akikasirika ananiambia "acha Uswahili". Mimi Mswahili kweli, niache niwe nani?
– Msomaji, Pasua

JIBU: Neno ni moja, wanaolitumia ni wengi. Asili yake ni Kiarabu, "sawahil", yaani pwani, na kwa maana hiyo wewe ndiye mwenyewe. Lakini ulikohamia pamechanganyika. Mkoa wa jirani wa Arusha peke yake una Kimeru cha Kibantu, Kimasai cha Kiniloti, Kiiraqw cha Kikushi na, huko Eyasi, Kihadza chenye sauti za kidoko. Mahali kama hapo "Mswahili" limekuwa jina la yeyote anayeishi kwa Kiswahili na asiye Mzungu, Mhindi wala mfugaji. Mmasai ana neno lake, "ormeek", na hata Mmasai mwenzake aliyevaa suruali na kusoma sana anaweza kuitwa hivyo, si kwa sifa.

Maana ya tatu ndiyo inayokuuma: mjanja, mwenye maneno mengi, asiyetimiza. Uswahilini ikawa mtaa wa watu wa kubanana. Usibishane na historia ya lugha katikati ya ugomvi, hutashinda. Jibu kwa kumrudisha kwenye jambo: "Nimefanya nini hasa?" Akisema umechelewa, zungumzeni kuchelewa. Akikosa la kusema, ameshajibu.

SWALI: Mimi Mpare wa Mwanga, nimeajiriwa Moshi mjini. Kila asubuhi: "leo una kesi ngapi?" Nicheke hadi lini?
– Msomaji, Majengo

JIBU: Wapare na Wachaga ni watani, na mtani asiyerudisha ndiye anayeumia. Wao wana ile ya Mpare aliyeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wewe una ile ya sarafu inayodondoshwa sakafuni kuthibitisha kama Mchaga amekufa kweli. Irushe mara moja, uone kama wanacheka. Wakicheka, ni utani. Wakinuna, walikuwa wanakusema.

Mipaka ipo. Utani ni wa mdomo, haukai kwenye barua pepe ya kazi wala kwenye fomu ya tathmini. Haugusi ulemavu, ugonjwa wala mtoto wa mtu. Hauelekezwi kwa asiye mtani: yule Mkenya wa Njiro hapo juu hajui kanuni zake na ataumia bila kujua arudishe nini. Ukifika kwenye mshahara au zamu, sema: "Hapa naongea kama mfanyakazi, utani baadaye." Sema mbele ya shahidi mmoja. Ikiendelea, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, peleka kwa msimamizi.

Na ukiwa na msiba nyumbani, usishangae mmoja wao akikalia jembe kaburini na kukataa kunyanyuka. Mpe chochote kidogo, atanyanyuka na kuchimba kuliko ndugu zako.